Siku moja kwenye meza ya kufungia zawadi

Saa 2:00 asubuhi

Meza inafutwa na kuachwa ikauke kabisa kabla roli ya kwanza haijakunjuliwa. Tone moja la maji linatosha kuvimbisha karatasi, na alama yake haiondoki hata maji yakikauka. Vifaa ni vichache: mkasi mrefu wenye makali, futi ya fundi cherehani, rula, penseli, selotepu ya kawaida na selotepu ya pande mbili.

Mkasi wa karatasi sikatii selotepu. Gundi hubaki kwenye makali, na mkato unaofuata unachana badala ya kukata. Ukishachafuka, ufute kwa pamba yenye spiriti.

Kuhusu karatasi, uzito wa gramu 70 hadi 90 kwa mita ya mraba ndio unaofaa kwa maboksi mengi. Ikiwa nyepesi kuliko 60, kona za boksi huitoboa. Ikizidi 100, mikunjo hujifungua yenyewe na utaongeza selotepu hadi kazi iharibike. Karatasi inayong'aa kama madini haisamehe: ukiikunja pasipostahili, mstari huo haufutiki.

Saa 3:00 asubuhi

Sasa zawadi zenyewe. Lebo ya bei ikigoma kubanduka, ipulizie hewa ya moto ya draya kwa nusu dakika hivi, gundi italegea, kisha ivute taratibu kuanzia kona moja. Kitu kisicho na umbo la kueleweka kiingie kwenye boksi; hakuna ufundi utakaokifanya kionekane nadhifu kikiwa peke yake. Litikise boksi. Ukisikia kitu kinacheza, jaza nafasi kwa karatasi laini iliyokunjwakunjwa. Mfuniko nao ubanwe kwa kipande cha selotepu, maana mfuniko uliovimba huvuta karatasi na kuipasua kwenye kingo.

Kama boksi lina maandishi meusi na karatasi yako ni ya rangi hafifu, tanguliza tabaka la karatasi nyeupe. Bila hilo, maandishi yataonekana.

Saa 4:00 asubuhi

Saa hii ndiyo inayoamua sura ya kazi ya siku nzima, kwa hiyo haina haraka. Zawadi nyingi zilizofungwa vibaya hazikuharibiwa na mikono mizito. Ziliharibiwa na karatasi iliyokatwa kubwa mno. Ziada hiyo haina pa kwenda, inarundikana kwenye ncha mbili za boksi na kufanya vifundo.

Chukua boksi lenye urefu wa sentimita 30, upana 20 na kimo 8. Zungusha futi kwenye upana na kimo: 20 na 8 na 20 na 8, jumla 56. Ongeza 3 za kupishanisha, unapata 59. Hicho ni kipimo cha upande mmoja wa karatasi. Upande wa pili ni urefu wa boksi, 30, pamoja na robo tatu ya kimo kwa kila ncha, yaani 6 na 6. Jumla 42. Kata kipande cha 59 kwa 42.

Kwa nini robo tatu? Ukiacha chini ya nusu ya kimo, mapindo mawili hayakutani na boksi linachungulia katikati. Ukiacha kimo kizima au zaidi, pindo linafika ukingo wa pili na kupanda juu yake. Kabla ya kukata, inua karatasi kwenye ncha moja uone inaishia wapi. Ikate baada ya kuridhika.

Mistari ya mkato ifuate miraba iliyochapwa mgongoni mwa karatasi, kama ipo. Kama haipo, weka alama tatu za penseli, usitegemee mbili: alama ya tatu ndiyo inayokuonyesha kwamba rula imehama.

Saa 5:00 asubuhi

Boksi linalala kifudifudi katikati ya karatasi, uso wa zawadi chini, ili maungio yaangukie mgongoni. Vuta upande mmoja juu na uushikize kwenye boksi kwa selotepu. Upande wa pili ukunjie ndani sentimita 1.5 kwanza, upate ukingo ulionyooka, weka chini yake selotepu ya pande mbili, kisha uvute na kuubandika. Karatasi iwe imekaza lakini isilie.

Pitisha kidole gumba na cha shahada kwenye kila ukingo wa boksi, ukibana kidogo. Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayoipa zawadi kona kali.

Kwenye ncha, sukuma kwanza pande za kushoto na kulia ziingie ndani. Zitatokea pembe mbili, moja juu na moja chini. Bana mikunjo yake kwa ukucha. Pindo la juu lishuke na kubandikwa. La chini, lililo mezani, lipande mwisho. Ukiligeuza boksi, pindo hilo la mwisho litakuwa limeelekea chini kama mfuniko wa bahasha.

Saa 8:00 mchana

Mchana ni zamu ya maumbo magumu. Kopo la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 8 lina mzingo wa takriban 25, kwa hiyo kata 28. Kila ncha iachiwe 4, ambayo ni nusu ya kipenyo. Kunja marinda madogo ya sentimita 1 hadi 1.5, kila moja likilalia lililotangulia, yote yakielekea katikati, kisha funika kitovu kwa stika ya duara. Marinda yakiwa mapana, duara linageuka kuwa pembe nyingi.

Kipande cha karatasi kikiwa kifupi, usikimbilie kuunga. Kwa boksi la mraba, ligeuze likae kiupande, kona zake zikielekea katikati ya kingo za karatasi. Boksi la 20 kwa 20 lenye kimo cha 5 linahitaji karatasi ya mraba ya takriban sentimita 36, ongeza 2 za kupishanisha, ziwe 38. Kona nne za karatasi zinapanda na kukutana juu. Kwa njia ya kawaida ungehitaji kipande cha urefu wa 53.

Saa 10:00 jioni

Utepe. Kwa msalaba, jumlisha urefu mara mbili, upana mara mbili na kimo mara nne, kisha ongeza sentimita 60 za ua. Boksi letu la asubuhi linataka 60, 40, 32 na 60: karibu mita 2. Anza juu, shusha ncha mbili, zipishanishe chini ya boksi kwa robo mzunguko, zirudishe juu na ufunge.

Ua likilala mshazari, tatizo liko kwenye fundo. Kama mara ya kwanza ulipitisha kulia juu ya kushoto, mara ya pili pitisha kushoto juu ya kulia. Ukirudia upande uleule, ua litageuka na kufuata urefu wa utepe.

Utepe wa plastiki wa kusokota uvute kwenye makali ya mkasi polepole. Ukivuta haraka, misokoto inakuwa mipana na milegevu.

Saa 12:00 jioni

Zawadi za mwisho zinafungwa kwa kitambaa badala ya karatasi, kwa mtindo wa Kijapani uitwao furoshiki. Ulalo wa kitambaa uwe kama mara tatu ya urefu wa kitu. Kitambaa cha sentimita 70 kina ulalo wa takriban 99, hivyo kinabeba kitu cha hadi 33.

Mabaki yanachambuliwa kabla taa hazijazimwa. Kipande kinachozidi upana wa kiganja kinabaki kwa ajili ya lebo. Vingine vifinye kwa ngumi: kinachobaki kimefinyana mara nyingi ni karatasi tupu na kinaweza kwenda kwenye urejelezaji, kinachojifungua kina plastiki ndani yake, kiweke kando. Roli zilizobaki zinafungwa kwa ukanda wa karatasi, maana mpira huacha alama kwenye tabaka la juu.