Ubao wa Monopoly wenye ramani ndani: kazi ilipofikia

Tabaka la chini la ubao limekamilika, na ramani imeingia mahali pake. Ninachounda ni mfano wa ubao wa Monopoly (mchezo wa mezani wa kununua na kukodisha majengo) wa aina ambayo MI9, idara ya siri ya Uingereza, iliiandaa wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mateka wa kivita waliotaka kutoroka kambini. Kwa kuwa hakuna ubao halisi unaojulikana kuwa umesalia, ninaongozwa na nyaraka, hasa barua ya tarehe 26 Machi 1941 ambayo Christopher Clayton Hutton wa MI9 alimwandikia Norman Watson wa kampuni ya Waddington mjini Leeds. Aliagiza mchezo mmoja ufichwe ramani za Norway, Sweden na Ujerumani, mwingine kaskazini ya Ufaransa na mipaka yake, mwingine Italia, na kila mmoja utiwe kifaa kidogo cha chuma.

Waddington walikuwa na leseni ya Monopoly nchini Uingereza, na walikwisha kumudu kuchapa juu ya hariri. Nilipokikunja kitambaa changu mara kadhaa, nikakisugua karibu na sikio, sikusikia chochote, ilhali karatasi ya ukubwa uleule ilichakarisha mara moja. Kwa mtu anayepekuliwa na mlinzi, tofauti hiyo ni kubwa mno. Nilichonga kishimo kwenye kadibodi kwa wembe, nikalaza hariri humo, kisha nikagandisha karatasi ya juu, na kidole hakitambui ukingo wowote.

Alama ya nje nayo nimeiweka: nukta moja ya wino baada ya jina la stesheni ya Marylebone, mojawapo ya vyumba vya ubao huo, iliyomaanisha kwamba ndani mna ramani ya Italia.

Jambo ninalolistahi kuliko ufundi wote huu ni uamuzi wa kutogusa vifurushi vya Msalaba Mwekundu. Chakula cha mateka kilitegemea vifurushi hivyo, na Wajerumani wangeweza kuvizuia iwapo wangegundua ramani hata moja. MI9 walibuni vyama bandia vya hisani, mojawapo ukiwa mfuko wa burudani za mateka, na michezo ikatumwa kwa majina hayo.

Kinachofuata ni dira, ambayo lazima iwe nyembamba kuliko kadibodi yenyewe.