Kopo la Dodoma na Rupia za Mjerumani

Dodoma, mgeni akionekana ameinama kwenye mawe na simu mkononi, wenyeji humdhania kitu kimoja kati ya viwili. Ama ni mtu wa kupima viwanja, na akishaondoka tu utaamka siku moja ukute alama ya X kwenye ukuta wako. Ama amekuja kuchimba mali inayosemekana Mjerumani aliificha enzi za ukoloni. Mimi nilidhaniwa vyote viwili asubuhi moja, mbele ya mzee, dereva wangu wa bodaboda, watoto wachunga mbuzi na mama mmoja aliyetua mzigo wake wa kuni ili asikose neno.

Nilikuwa natafuta kopo. Ni mchezo, wenyewe wanauita jiokashingi: mtu anaficha kopo mahali, anatangaza kodineti zake, yaani namba zinazoonyesha lilipo, kwenye mtandao, na mwingine anazifuata kwa GPS, ule mfumo wa satelaiti unaoiambia simu iko wapi. Akilipata anaandika jina na tarehe kwenye kidaftari kilichomo, kisha analirudisha pale pale alipolikuta. Ndani huwa na vitu vidogo vidogo, na ukichukua kimoja unaacha kingine chenye thamani ileile au zaidi. Mchezo ulianza Mei 2000, mara tu Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Kabla ya hapo chombo chako kiliweza kukudanganya kwa mita kama mia hivi, na kopo gani utalipata hapo? Tarehe 3 ya mwezi huo Mmarekani Dave Ulmer akaficha ndoo porini huko Oregon, akatia vitabu, kaseti na hata kopo la maharage. Siku hizi chakula hakiruhusiwi kabisa. Wanyama hunusa, wanatafuna plastiki, na wewe unafika unakuta vipande.

Safari ya basi kutoka Tanga sitaisimulia, maana anayepanda basi anajua. Nitasema tu kwamba kiti nilichouziwa kuwa cha dirishani kilikuwa na dirisha la mtu wa mbele, na kwamba pale tuliposhushwa kula, paja la kuku na chipsi baridi viliuzwa kwa bei ya kuku mzima wa Muheza. Tulipoingia Dodoma ilikuwa bado Juni, Bunge la bajeti linaendelea, na kila gesti yenye mlango unaofunga ilikuwa imepandisha bei. Chumba changu kilikuwa na kibao kilichoandikwa maji ya moto. Maji yalikuwa ya baridi, na Juni ya Dodoma si ya mchezo kwa mtu wa pwani: mji uko zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari, upepo unapiga usiku kucha na vumbi linaingia hadi kwenye mswaki.

Mfuko wangu niliupanga kwa uangalifu, kwa sababu mwalimu mwenzetu mmoja wa kigeni aliyetufundisha mchezo huu shuleni alikuwa mkali wa vifaa. Pawabenki, kwanza. Simu inayosoma GPS huku skrini imewashwa juani haifiki adhuhuri. Ramani niliipakua usiku, mtandao wa gesti ulipochangamka, kwa kuwa nyuma ya mawe yale bando lako ni pambo. Penseli niliyoichonga pande zote mbili, maana kalamu ya wino hukauka au huvuja kwa joto. Kibano kile cha nyusi, cha kuvutia karatasi iliyokunjwa ndani ya kichupa chembamba kuliko kidole. Glovu, viatu vya kufunika kisigino, kofia, maji mengi kuliko unavyodhani. Na fimbo. Kama una hela ya kitu kimoja tu, acha mengine yote ukate fimbo, kwa sababu kanuni ya kwanza ya mawe ya Dodoma ni kwamba mkono hauingii kwenye ufa kabla ya mti. Nge hana habari na mchezo wako.

Dereva wa bodaboda alitaja elfu tatu kunipeleka nje ya mji, upande wa barabara ya Singida. Tulipofika ikawa elfu kumi, kwa sababu "anti, hukusema ni porini." Nikamwomba angoje. Kungoja nako kukawa na bei yake.

Mahali penyewe ni mkusanyiko wa mawe ya itale, makubwa kama nyumba, yamepandiana, na katikati yake miti ya miiba na mbuyu mmoja. Hapo ndipo utajua udhaifu wa simu. Satelaiti za GPS ziko juu kilomita kama elfu ishirini, simu inahitaji angalau nne ili ijue ilipo, na ukisimama chini ya jabali nusu ya anga imeshafichwa. Zaidi ya hayo mawimbi hugonga mwamba na kukufikia yakiwa yamechelewa, na mshale unaanza kuzunguka: mita sita mashariki, mita kumi na moja kusini, mita nne nyuma yako. Asiyejua huufuata mshale hadi kizunguzungu. Anayejua, akifika kwenye mita kumi hivi, anaiweka simu mfukoni na kutumia macho. Unajiuliza: ningekuwa mimi, ningeficha wapi? Unatafuta rundo la vijiwe vilivyopangwa vizuri kupita kiasi, au ufa uliozibwa kwa jiwe lenye rangi tofauti na majirani zake. Na huchimbi. Kanuni hairuhusu kopo kufukiwa, kwa hiyo kama unahitaji jembe, uko mahali pasipo pako.

Nilikuwa nimepiga magoti hivyo, fimbo ndani ya ufa, niliposikia:

"Binti, umepoteza nini?"

Mzee alikuwa amesimama juu ya jiwe, blanketi begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepoteza nini?"

"Natafuta kopo."

"La nani?"

Hapa ningeweza kusema la rafiki yangu. Lakini shikamoo imeshatoka, na mtu aliyetoka kuamkia hamdanganyi mzee papo hapo. Ukurasa wa kopo lile ulisema wazi aliyelificha ni nani: mgeni aliyewahi kufanya kazi Dodoma.

"La Mjerumani mmoja," nikasema.

Dereva wa bodaboda, aliyekuwa amelala juu ya pikipiki yake, akaamka.

Mzee hakupandisha sauti. Alimtuma mtoto mmoja mbio akamwite mwenyekiti wa mtaa, kisha akateremka, akaketi karibu yangu kama mtu anayengoja treni, akaanza kunieleza kwamba si mimi wa kwanza. Upande wa pili wa mawe yale kulikuwa na shimo ambalo ningeingia hadi mabegani, lililochimbwa usiku na watu waliokuja na mganga. Walitafuta rupia, hela za wakati wa Mjerumani. Hawakupata kitu, wakaacha shimo, na mbuzi wake akavunjika mguu humo. "Mbuzi wangu nani alinilipa?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyebeba koleo.

Lazima niseme kwamba hadithi hizi si upepo mtupu. Majeshi ya Waingereza na makaburu yaliichukua Kondoa Irangi mwaka 1916, na Dodoma ikafuata mwaka uleule, Mjerumani akirudi nyuma kuelekea kusini. Na kweli mwaka huo huo, kule Tabora, Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, dhahabu yake ikitoka mgodi wa Sekenke, Singida. Kwa hiyo babu akimsimulia mjukuu kwamba Mjerumani alipita hapa na dhahabu, hajatunga yote. Sehemu ya kuzika sanduku chini ya kila jiwe lenye umbo la ajabu ndiyo iliyoongezwa na wenye waganga wa kulipwa.

Mwenyekiti alifika na mkoba wa plastiki wenye daftari la wageni. Akataka kitambulisho, nikatoa. Akauliza barua ya utambulisho iko wapi, nikasema niko likizo. Akauliza natoka wapi. Niliposema Tanga, mama wa kuni akaguna, na mzee akasema, "Aa, Tanga," kwa sauti iliyotosha kueleza mganga ni nani safari hii.

Nikaona bora niwaonyeshe simu. Kosa si langu ikiwa programu ya ramani huchora vinjia na vidoti vinavyofanana na kazi ya ofisi. Mwenyekiti aliitazama, akaivuta picha kwa vidole viwili, akapata paa la nyumba yake, akanitazama.

"Kumbe mnapima."

Sasa mali ya Mjerumani ikawekwa kando na tukahamia kwenye viwanja, ambalo tangu serikali ihamie Dodoma ni jambo zito kuliko dhahabu. Mama wa kuni alitaka kujua kama shamba lake la mtama limo. Dereva wangu, ambaye nilikuwa namlipa kwa kungoja, akasema na yeye amesikia kuna mradi. Nilieleza, nikaeleza tena. Kodineti zinasoma digrii na dakika, yaani sehemu za sitini za digrii, si dakika za saa. Tarakimu ya mwisho kabisa ya dakika ni kama mita mbili ardhini. Ukichanganya mfumo, ukaandika dakika kumi na nusu kama desimali ya digrii, unajikuta karibu kilomita nane kutoka ulipokusudia. Nilidhani hesabu ingenisafisha. Hesabu ndiyo iliyonifanya nionekane mpimaji wa kusomea.

Akaniokoa mtoto mchunga mbuzi, wa miaka tisa au kumi, aliyekuwa amenyamaza muda wote.

"Anataka lile la penseli?"

Akapanda jiwe la juu, wala si lile nililokuwa naliwinda, akaingiza fimbo yake kwanza (nilimpenda kwa hilo), akatoa kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana. Alikuwa akilijua siku nyingi. Mwenyekiti akamwuliza kama amewahi kuiba humo. Mtoto akasema hapana: alichukua kifutio cha shule, akaweka gololi. Gololi ilikuwapo, ya bluu, nzima. Hakuna aliyemsomea kanuni za mchezo, na sijawahi kuona mtu mzima akizifuata vizuri hivyo.

Mzee alilipindua kopo kwenye blanketi lake. Penseli, gololi, shanga kidogo, beji ya kitambaa, kidaftari ndani ya mfuko wa nailoni. Akalitikisa tena.

"Ni hivi tu?"

"Ni hivi tu, mzee."

"Mtu katoka Ulaya kuja kuficha penseli."

Walicheka hadi mama wa kuni akaketi chini. Mwenyekiti ndiye hakucheka. Alikisoma kidaftari ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu kuna wageni waliopita mtaani kwake bila kuripoti, akatikisa kichwa kwa kila jina. Nilipomaliza kuandika langu akakichukua, akaandika cheo chake, akasaini, kisha akafungua mkoba na kugonga muhuri. Mchezo huu uko duniani kote, lakini sidhani kama kuna madaftari mengi yenye muhuri wa serikali ya mtaa.

Hela ya soda ilinitoka kwa wote, pamoja na yule mama, pamoja na dereva. Nikaacha shanga zangu na pini za nywele, nikamwachia mtoto penseli yangu ya akiba, kopo likarudi kwenye ufa wake. Tangu hapo popote ninapoulizwa cha kwanza kubeba, nasema jina la mwenyekiti wa mahali unapokwenda na muda wa kwenda kumwona kabla ya mawe. Inachukua nusu saa. Mimi ilinichukua asubuhi nzima na elfu kumi na tano.

Kesho yake nilikwenda Kondoa, hadi Kolo, kuona michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ulipe kiingilio, upewe mwongozaji, utazame usiguse. Hapo hakuna kopo na halipaswi kuwapo: kanuni za mchezo zinakataza kuhatarisha maeneo ya kale, na bado kuna watu wanaofika huko kuomba na kutambika. Kwa mahali kama hapo, aina ya mchezo isiyo na kopo inatosha, ile ambayo unajibu maswali kuhusu miamba yenyewe, ukaondoka na vumbi lako tu.

Ndani ya basi la kurudi nilianza kuwaza kuficha la kwangu. Dodoma nisingeweza hata kama ningetaka: mwenye kopo lazima aweze kulifikia kulitunza, kukausha daftari, kubadilisha kifuniko kilichopasuka, na lazima apate ruhusa ya mwenye ardhi. Likae pia angalau mita 161 kutoka kopo la mwenzako, sharti ambalo kwetu halina shida. Nikampigia mjomba, mwenye michungwa Muheza.

Swali lake la kwanza lilikuwa kama ndani kutakuwa na rupia. Nikamwambia penseli. Akafikiri, akakubali, mradi kila anayekuja apige hodi nyumbani kwanza na anunue angalau kapu moja la machungwa, bei ya msimu. Nimemweleza kwamba kopo la biashara haliruhusiwi. Ameteremka hadi nusu kapu, na bado tunabishana.