Mamah Tuliyemsoma kwa Jina la Mama

Kwa majuma matatu sasa kikundi chetu cha wasomaji hapa Mji wa Kale kimekuwa kikizungumzia kitabu kimoja, na hatujaafikiana. Ni riwaya ya Nancy Horan iitwayo Loving Frank, iliyotoka mwaka 2007, inayosimulia mapenzi ya msanifu majengo wa Marekani, Frank Lloyd Wright, na Mamah Borthwick Cheney, mke wa mteja wake. Tuko wanawake saba, na hukutana Jumamosi baada ya sala ya alasiri kwenye roshani ya nyumba ya mmoja wetu. Sikumbuki kitabu kingine kilichotufanya tuiache kahawa ipoe vikombeni.

Nianze na jina, maana lilitutawala kuliko tulivyodhani. Wenyewe Wamarekani hulitamka "Meima", lakini jicho la Mswahili likiliona husoma "Mama", na ndivyo tulivyolisoma sote mpaka ukurasa wa mwisho. Kila lilipotajwa ilikuwa kama tunamwita huyu mwanamke kwa wajibu ule ule aliouacha. Kwetu, mwanamke akishazaa jina lake la utotoni hubaki kwa nduguze na wazee wake, na wengine wote humwita kwa jina la mwanawe. Huyu angekuwa Mama John tangu mwaka 1902, na nadhani sehemu kubwa ya ubishi wetu ilitokana na hilo, kwamba riwaya nzima inamfuata mtu anayetaka kuitwa kwa jina lake mwenyewe.

Yaliyotokea yanajulikana vyema. Mwaka 1903 Wright alimchorea nyumba Edwin Cheney, mhandisi wa umeme aliyeishi Oak Park, karibu na Chicago. Wright alikuwa na mke, Catherine, na watoto sita; Mamah alikuwa na John, na baadaye Martha. Mwaka 1909 wawili hao waliziacha nyumba zao wakaenda Ulaya, gazeti la Chicago likawagundua Berlin na kuwaanika. Ndoa ya Cheney ilivunjwa mwaka 1911, lakini Wright hakupata talaka mpaka mwaka 1922, Mamah akiwa ameshakufa.

Mwenye nakala tuliyoazimana alikuwa amekunja pembe ya kila ukurasa unaotaja watoto. Nilipokipokea kitabu kilikuwa kimevimba upande wa juu, hakifungiki sawasawa, na nilipokiweka juu ya meza jalada lilijiinua lenyewe kidogo kidogo. Hukumu yake aliitoa bila kupandisha sauti: mwandishi amempendelea Mamah. Amempa maneno mazuri ya kuyaeleza maumivu yake, ilhali watoto amewapa mistari michache ya kusubiri barua. "Uchungu wa mwana aujua mzazi," alisema, "na huyu mzazi alijua, akaenda." Sikuwa na jibu siku ile, wala sina jibu kamili leo.

Mdogo wetu kwa umri, ambaye ni mwalimu, aliuliza kwa nini hakuna aliyekunja kurasa za watoto sita wa Wright. Swali hilo lilinyamazisha roshani nzima. Shangazi yangu, mkubwa wetu sote, akasema kwamba lau Mamah angekuwa mke wa hapa angekwenda kwa kadhi akaomba khului, yaani talaka anayoiomba mke mwenyewe, akaondoka kwa mlango wa mbele. Mwalimu akamjibu kwa adabu, "Shangazi, na watoto je? Na majirani?" Shangazi alitafakari, kisha akakubali kwamba karatasi ya kadhi haizibi midomo ya mtaa.

Mimi nimekisoma kitabu hiki kwa jicho la kazi yangu. Riziki yangu ni kutafsiri, na kilichonishika ni jambo ambalo wenzangu wengi walilipita upesi, nalo ni kwamba Mamah alikuwa mfasiri. Alisoma Chuo Kikuu cha Michigan, akafanya kazi ya ukutubi kabla ya kuolewa, na alipokuwa Ulaya alifundisha lugha Leipzig na kujifunza Kiswidi ili aweze kumfasiri Ellen Key, mwanafalsafa wa Uswidi aliyetetea haki za wanawake. Key alimpa idhini ya kuvitafsiri vitabu vyake kwa Kiingereza cha Marekani. Barua chache alizomwandikia Key zimehifadhiwa Stockholm, na hizo ni miongoni mwa mabaki machache sana ya sauti yake mwenyewe. Kwa hiyo Horan alikuwa na ukimya mkubwa wa kuujaza, na ninaamini aliujaza kwa uaminifu, hasa pale anapomwonyesha Mamah akihangaika na sentensi moja, akiipima, akiifuta, akirudi tena. Yeyote aliyewahi kukesha na neno moja lisilokubali kuhama kutoka lugha hii kwenda ile atajua kwamba mwandishi hakubahatisha.

Hapo pia ndipo palipo na mgogoro wenyewe. Key alifundisha kwamba ndoa isiyo na mapenzi ni upotofu mkubwa kuliko mapenzi yasiyo na ndoa, na maneno hayo Mamah aliyashika kama mtu aliyepata kamba kisimani. Lakini Key huyo huyo aliutukuza umama kuliko kazi nyingine yoyote ya mwanamke. Mfasiri hawezi kuchagua nusu ya kitabu. Ilimbidi Mamah ayaandike kwa mkono wake mwenyewe mafundisho yanayompa ruhusa pamoja na yanayomhukumu. Kwangu hiki ndicho kiini cha riwaya, na ningefurahi kama Horan angekaa nacho kwa muda mrefu zaidi, hata kwa kupunguza safari za hotelini na maduka ya Ulaya.

Kuhusu Wright maoni yetu hayakutofautiana sana. Mwandishi hamfichi: ni mtu wa kipaji, wa maneno mengi na wa madeni. Kilichotuvutia sote ni kurasa za nyumba ya Taliesin huko Wisconsin, aliyoijenga mwaka 1911 ubavuni mwa kilima badala ya kileleni, kwa mawe ya chokaa ya jirani, na kuta zikapigwa lipu yenye mchanga wa mto unaopita chini yake. Sisi tunaoishi ndani ya kuta za matumbawe, chini ya dari za boriti, hatukuhitaji kuelezwa maana ya nyumba kutokana na mahali ilipo.

Ni nyumba hiyo iliyochomwa moto tarehe 15 Agosti 1914. Mtumishi, Julian Carlton, aliwaua watu saba, wakiwamo Mamah na watoto wake wawili waliokuja kumtembelea, huku Wright akiwa kazini Chicago. Wawili wetu walilalamika kwamba mwisho umekuja ghafla mno, kama wa kubuniwa haraka. Siwalaumu, ila ndivyo ilivyokuwa: Carlton alikuwa ameajiriwa kiangazi kile kile, akafa gerezani wiki chache baadaye, na sababu yake haikujulikana kwa hakika. Ninamheshimu Horan kwa kutoibuni sababu ya kuturidhisha.

Nimeombwa niandike muhtasari wa Kiswahili kwa ndugu zetu wasiosoma Kiingereza, na hapo nimekwama kwenye neno moja. Nikiandika "hawara", nimekwisha mhukumu. "Mpenzi" linamfanya msichana asiye na historia, na "kimada" ni tusi. Jumamosi iliyopita niliusoma muhtasari kwa sauti na kuacha pengo mahali pa neno hilo. Shangazi akaniomba daftari na kalamu, akavaa miwani, akaandika polepole kwa mwandiko wake wa kuinama: "mamake John na Martha".

Sikulifuta. Nilipolirudishiwa daftari niliongeza mbele yake: "na mfasiri wa Ellen Key".