Sachin, baba yake, na ile siku ya Bristol

Tarehe 23 Mei 1999, pale Bristol Uingereza, Sachin Tendulkar, mpigaji wa kriketi wa India, alipiga mikimbio 140 (mikimbio ndiyo alama za kriketi) bila kutolewa dhidi ya Kenya kwenye Kombe la Dunia, na baba yake alikuwa amefariki siku nne tu nyuma. Hii habari naijua tangu nikiwa kijana, sisi tulikuwa tunashabikia Kenya siku ile na tulichapwa vibaya, lakini ni mwaka huu baada ya kumzika mzee wangu ndio nimerudi kuitazama kwa macho mengine kabisa. Nimekuwa natafuta vile vipande vya zamani usiku nyumba ikishatulia. Naandika hapa ili niyatoe moyoni.

Kwanza huyo baba mwenyewe. Ramesh Tendulkar alikuwa profesa, mshairi na mwandishi wa riwaya kwa lugha ya Kimarathi, mtu wa vitabu na muziki, na huyo mtoto wake wa mwisho aliyezaliwa Bombay, yaani Mumbai ya sasa, tarehe 24 Aprili 1973 alimpa jina la mtunzi wa muziki aliyempenda, Sachin Dev Burman. Waliishi Bandra Mashariki kwenye mtaa wa nyumba za waandishi. Sasa fikiria nyumba kama hiyo, halafu kijana anakuja kuwa mtundu, anapenda kupigana, hashikiki. Ni kaka yake Ajit, mtoto wa mama mwingine, ndio aliona kitu ndani yake akamchukua hadi kwa kocha Ramakant Achrekar pale Shivaji Park, Sachin akiwa na miaka 11. Mzee Achrekar alikuwa anaweka sarafu ya rupia moja juu ya vile vijiti vitatu anavyolinda mpigaji, mrushaji atakayemtoa Sachin anaichukua, na asipotolewa na mtu hadi mwisho wa mazoezi basi sarafu ni yake. Alikusanya 13 na amezitunza mpaka leo, anasema ni kati ya vitu vya thamani kubwa alivyo navyo. Mimi hapo namuelewa kabisa.

Na baba mtu hakumzuia. Angeweza kusema we soma kwanza, hii michezo haina maana, maanake ndivyo wazee wetu wengi walivyokuwa, na profesa ungetegemea awe mkali zaidi. Alimwambia fuata ndoto zako lakini usitafute njia za mkato. Sachin mwenyewe ndiye alilisimulia hilo siku anastaafu, na ukifuatilia maisha yake ya uwanjani utaona kweli alilishika.

Ule mwanzo wake watu wengi wanaujua kwa hivyo sitaukalia sana. 1988 yeye na rafiki yake Vinod Kambli walipiga mikimbio 664 pamoja kwenye mechi ya shule, yeye 326 na Kambli 349 na hakuna aliyewatoa. Mwaka uliofuata, Novemba 1989, akacheza mechi yake ya kwanza ya Testi, zile mechi za kimataifa za siku tano, pale Karachi akiwa na miaka 16, mtoto kabisa, mbele yake warushaji wa Pakistan kina Imran Khan, Wasim Akram na Waqar Younis ambaye naye ndio alikuwa anaanza siku hiyohiyo. Kule Sialkot mpira wa Waqar ulimpiga puani, damu ikawa inatoka, akakataa kutoka uwanjani, akaendelea mpaka akafika 57. Miezi michache baadaye, Agosti 1990, akapata senchuri, yaani mikimbio mia au zaidi, yake ya kwanza ya Testi pale Manchester na mechi ikaokoka. Miaka 17!

Sasa turudi 1999. Mwaka ule ulikuwa ushaanza vibaya kwake. Januari pale Chennai dhidi ya Pakistan alipiga 136 huku mgongo unamuuma hata kusimama ni taabu, akatolewa India ikiwa imebakisha kidogo tu, wenzake waliobaki wakaanguka haraka na India ikashindwa kwa mikimbio 12. Halafu Mei wako Uingereza kwa Kombe la Dunia, mkewe Anjali akamfuata hotelini Leicester kumpa habari kwamba mzee ameondoka, moyo. Akapanda ndege kurudi Mumbai kuzika. India bila yeye ikacheza na Zimbabwe palepale Leicester na ikapoteza kwa mikimbio 3. Mikimbio mitatu jamani.

Na hapa ndio sehemu inayonishika koo. Mama yake, mjane wa siku mbili tatu, ndio alimwambia arudi. Akamwambia baba yako angetaka urudi ukacheze. Akaenda. Akaingia uwanjani Bristol wa nne kwenye orodha ya wapigaji, India imeshapoteza wapigaji wawili ikiwa na mikimbio 92, na kutoka hapo yeye na mwenzake Rahul Dravid hawakutolewa tena, walipiga 237 pamoja, Dravid akiwa na 104 zake ambazo watu wanazisahau. Mipira 101, mikimbio 140. Alipofika mia aliinua macho juu mbinguni, akaangalia kule muda kidogo, halafu akarudi kupokea mpira unaofuata. Kuanzia siku ile kila senchuri aliyopiga alikuwa anaangalia juu hivyo hivyo, na watu waliokuja kumshabikia baadaye wengine wanadhani ni mtindo tu.

Mimi niliporudi kazini baada ya matanga kuna watu waliniangalia kama nimefanya jambo la ajabu. Shangazi mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, mwanangu mbona mapema hivi? Sikuwa na jibu nikanyamaza. Najua ametoka mahali pazuri, kwetu msiba una mpangilio wake, watu wanakaa, wanalia pamoja, wanapika, wanasimulia marehemu alivyokuwa, na mimi napenda hayo yote na yalinisaidia. Ila kuna msiba mwingine ambao haukai mkekani na wageni, unatoka tu pale ambapo mikono inafanya kitu ambacho marehemu alijua unakifanya, alikulipia ada ukifanye, alikuwa anakuuliza kila jioni umeendeleaje nacho. Nikimtazama Sachin pale Bristol sioni mtu aliyekimbia msiba wake. Naona mtu yuko ndani ya msiba kabisa, analia kwa namna anayoijua yeye, na yule mama alilijua hilo kabla ya mwanawe. Hilo ndilo nilitaka kumwambia shangazi.

Na kweli lile la baba la njia za mkato nadhani linaonekana zaidi Sydney, Januari 2004. Alikuwa na kipindi kibaya, Waaustralia walikuwa wamemsoma, wanamrushia mpira nje kidogo ya vijiti, yeye anajaribu lile pigo lake zuri la kava draivu, la kuusukuma mpira mbele kwa upande, anatolewa. Basi akaamua siku hiyo halipigi. Ni pigo ambalo watu walikuwa wanalipa tiketi kuja kuliona, alilipiga vizuri kuliko karibu mtu yeyote, na alikaa uwanjani zaidi ya saa kumi, mipira 436, akiiacha ile mipira ipite. Inakuja, anaiangalia, anaiacha. Alimaliza na 241 na hakutolewa. Sijui wangapi wetu tunaweza kuacha kitu tunachokiweza kuliko vyote kwa sababu tu kwa sasa kinatuumiza.

Sisemi kila kitu chake kilikuwa safi. Unahodha ulimshinda, Testi 25 alizoongoza alishinda 4 tu, na hata ubunge wa baraza la juu la India alioteuliwa 2012 watu walimlaumu kwa kutohudhuria vikao, na mimi naona walimlaumu kwa haki. Mwaka 2006 mashabiki wa Wankhede, uwanja wa Mumbai, nyumbani kwake kabisa, walimzomea. Kiwiko, bega, mgongo, vyote vilimsumbua. Lakini aliendelea kurudi. 2010 Gwalior akawa mwanaume wa kwanza kufika 200 kwenye mechi ya kimataifa ya siku moja, Aprili 2011 akabeba Kombe la Dunia palepale Wankhede, wenzake wakambeba mabegani na Virat Kohli akasema huyu ameibeba nchi miaka 21 sasa ni zamu yetu kumbeba. Senchuri ya 100 ilimsumbua mwaka mzima mpaka Machi 2012 pale Mirpur, Bangladesh, na India ikapoteza hiyo mechi. Kati ya Testi na mechi za siku moja ana mikimbio zaidi ya 34,000.

Novemba 2013 akacheza Testi ya 200, ya mwisho, nyumbani Mumbai, na mama yake Rajni akaletwa uwanjani kwa kiti cha magurudumu. Ndio ilikuwa mara yake ya kwanza kumuona mwanawe akicheza uwanjani, miaka 24 yote hakuwahi kuja. Akapiga 74. Kwenye hotuba alikuwa na karatasi ya majina asije akasahau mtu, na jina la kwanza lilikuwa la baba yake. Hapo mimi nilisimamisha video nikaenda kunywa maji.

Kuna jambo moja bado linanikera na nalisema wazi. Watu wa takwimu wanapenda kusema senchuri zake nne dhidi ya Kenya zisihesabiwe sana, eti timu dhaifu. Kenya ile ya 1999 nahodha wake alikuwa Aasif Karim, ndani yake kina Steve Tikolo na Thomas Odoyo, na miaka mitatu kabla, Februari 1996, Kenya ilikuwa imeichapa West Indies yenye mpigaji hodari Brian Lara pale Pune kwenye Kombe la Dunia. Mei 1998 iliifunga India yenyewe Gwalior. 2003 ilifika nusu fainali. Hao ndio aliosimama mbele yao akiwa ametoka kumzika baba. Siku ile sisi tulioshabikia Kenya tuliumia, na leo nafurahi kwamba waliokuwa upande wa pili walikuwa vijana wetu, kwamba walimrushia kwa nguvu zao zote na hawakumhurumia, maanake nadhani huruma ndio kitu ambacho asingeweza kukivumilia.