Nilivyowashawishi wenye maduka ya dawa wafute msalaba mwekundu

Mm ni volantia wa Msalaba Mwekundu hapa Kasulu, Kigoma. Kazi niliyopewa niliiona ndogo tu, kuzunguka mjini kuwaelewesha watu sheria ya kibinadamu ya kimataifa, yaani sheria za vitani, inasemaje kuhusu alama yetu, maana huku karibu kila duka la dawa limechora msalaba mwekundu ukutani na hata wenye zahanati nao wameweka getini.

Wiki ya kwanza nilichemka vibaya. Naingia na makaratasi, naanza Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949, ibara ya 44, ibara ya 53, mama mmoja ananisikiliza huku anahesabu vidonge alafu ananiuliza, "mwanangu, we ni mtu wa mapato?" Mwingine akasema hii ni alama ya hospitali tu, nimeikuta toka nazaliwa. Na kusema ukweli hata mm kabla ya semina nilijua hivohivo.

Nikaacha makaratasi nyumbani. Nikawa nauliza tu, vita ikitokea askari atajuaje nani ni wa kutibu majeruhi asimpige? Ndo kazi ya ile alama, inasema usipige hapa, haisemi dawa zinauzwa hapa. Sasa kila mtu akiuzia panadol, siku ya siku askari ataiona ni bango tu la biashara. Mzee mmoja mwislamu akasema yeye aliiweka japo haipendi maana ni ya kanisa, nikamwambia hapana mzee wangu, ni bendera ya Uswisi imegeuzwa rangi tangu 1864, na kuna nchi zinatumia hilali nyekundu na inalindwa vilevile, akacheka sana.

Ila aliyenisaidia kuliko wote ni fundi cherehani mmoja, mtu wa Kongo, anashonea kibarazani pa duka mojawapo. Alidakia mwenyewe, akasema kule kwao gari lenye alama hii lilikuwa linapita bariyeri bila shida, mpaka siku watu walipoficha bunduki ndani yake, toka hapo hata mgonjwa wa kweli akawa anashushwa chini anapekuliwa. Duka zima kimya. Mm ningeongea mwezi nisingefika hapo.

Alafu sasa ikabaki hela. Watu wamekubali kufuta nyekundu na kuweka msalaba wa kijani, ila nani ananunua rangi? Nikaongea na jamaa yangu anayechora mabango, mm natafuta rangi yeye anachora kwa bei ya chai. Na ukipaka kijani juu ya nyekundu inatoka kama tope bana, lazima nyeupe kwanza, mikono miwili yaani unapaka mara mbili, ikauke, ndo uchore msalaba wa kijani. Duka la kwanza tulilirudia mara tatu.

Mpaka sasa maduka 9 kati ya 14 yamebadilisha. Yule mama wa mapato alikuwa wa sita, akataka kijani yake ikolee kuliko ya jirani.