Kompyuta za steshenari yangu nimezihamishia Firefox, na sijajuta

Nina steshenari upande wa Ng'ong'ona, jirani na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma). Kopi na kuprinti zipo, passport size zipo, ila kinacholipa kodi ya fremu ni kuwashughulikia watu mambo yao ya mtandaoni: maombi ya mkopo HESLB, Ajira Portal, TIN, kusajili jina la biashara BRELA. Yote hayo yanapita kwenye kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za mtandao kama Chrome au Firefox, kwa hiyo kivinjari kikizingua, siku hiyo hakuna biashara.

Kompyuta zangu ni za mtumba na zilikuja na Windows 7. Google ilifunga hesabu na Windows 7 mwanzoni mwa 2023. Chrome, kivinjari chao, toleo la 109 ndilo la mwisho kukubali mashine hizo. Haikufa, iliendelea kufunguka kama kawaida, lakini kadiri muda ulivyokwenda kurasa zikaanza kunigomea. Mara kitufe hakibonyezeki, mara naambiwa nisasishe kivinjari ambacho hakisasishiki tena. Mwanafunzi mmoja wa kompyuta pale chuoni, mteja wangu wa kuprinti, ndiye aliyenitoa.

"Dada, weka Firefox ESR 115, toleo linalotunzwa kwa muda mrefu. Hiyo Mozilla, watengenezaji wa Firefox, waliiacha makusudi kwa ajili ya Windows 7, wakawa wanaitolea viraka vya usalama."

Nikaweka. Kurasa zikafunguka. Baadaye mashine moja tuliiwekea Linux Mint kabisa, mfumo endeshi wa bure badala ya Windows, na huko Firefox inakuja nayo, hupakui kitu.

Hadi hapo nilikuwa nimetatua shida tu. Kilichonifanya nibaki ni kiendelezi (programu ndogo ya kuongezea kwenye kivinjari) cha Mozilla wenyewe kinachoitwa Multi-Account Containers, na nadhani mwenye steshenari au intaneti kafe yeyote asiyekijua anajitesa bure. Msimu wa mikopo HESLB foleni yangu inafika nje. Mteja mmoja nimeshamfungulia akaunti, amekwama anasubiri cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo; nyuma yake kuna mwingine anataka kuingia kwenye mfumo uleule. Zamani nilikuwa nategemea hali fiche (incognito) ya Chrome. Tatizo ni kwamba madirisha yote ya hali fiche yakiwa wazi yanatumia vidakuzi (cookies, alama zinazoifanya tovuti imkumbuke aliyeingia) vya pamoja, hivyo ukimwingiza wa pili, wa kwanza anatolewa. Au mbaya zaidi, unajikuta unajaza taarifa za huyu kwenye fomu ya yule.

Kwenye makontena kila mteja ana vichupo vyake vyenye rangi, na vidakuzi vya rangi moja havionani na vya rangi nyingine. Mama mmoja alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, amemleta binti yake, macho hayatoki kwenye kioo.

"Sasa ya mwanangu ni ipi hapo?"

"Ya njano, mama. Hii ya bluu ni ya huyu kaka."

Akatulia. Mteja akiondoka nafuta kontena lake na vidakuzi vyake vinaondoka nalo. Tahadhari moja: makontena hayatenganishi historia wala nywila zilizohifadhiwa. Kwa hiyo nimezima kabisa kuhifadhi nywila, na nimeagiza historia ifutwe kila Firefox inapofungwa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, mtu anayeshika namba za NIDA za watu kutwa nzima hana sababu ya kufanya mzaha na jambo hili.

Kingine ni uBlock Origin, inayozuia matangazo. Wanaotafuta PDF za past paper wanajua zile kurasa zenye vitufe vitano vya kupakua, vinne vya uongo. Ukiweka uBlock vile vya uongo vingi vinapotea, na bando halili matangazo ya video ambayo hakuna aliyeyaomba. Google walipobadilisha kanuni za viendelezi vya Chrome, uBlock Origin kamili ikazimwa huko, ikabaki ile iliyopunguzwa, ya Lite. Firefox bado inaipokea nzima, hata ya kwenye simu za Android, wakati Chrome ya simu haikubali kiendelezi chochote.

Firefox pia ni ya chanzo huria, yaani msimbo wake, maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuchukua. Mimi msimbo siusomi na sitajifanya nausoma. Ninachojua ni kwamba wapo wanaousoma, na kwamba ruhusa ya kuuchukua ni ya kweli: Tor Browser, kivinjari cha kuficha utambulisho kinachotegemewa na watu ambao siri kwao ni suala la usalama wa maisha, kimejengwa juu ya Firefox. Mzizi wenyewe ni 1998, kampuni ya Netscape walipoamua kuuachia msimbo wa kivinjari chao hadharani; Firefox 1.0 ikatoka 2004.

Wasitokee watu wa kuniambia Mozilla ni malaika. Sehemu kubwa ya mapato yao inatoka kwa Google, wanaolipa ili injini yao ya utafutaji iwe chaguo la kwanza ndani ya Firefox. Hili kwangu limekuwa na faida ya kuchekesha: wateja wanaouliza "Google yako iko wapi?" wanaiona palepale na hawana habari kwamba kivinjari kimebadilika.

Pia upo mfumo mmoja ambao kupandisha nyaraka kwa Firefox kunagoma katikati, nimejaribu kila nilichoelekezwa. Kwa huo nimeweka Chromium kwenye ile mashine ya Linux. Nayo ni huria, ndiyo Chrome, Edge na Brave zinakotokea, na siifungui kwa kazi nyingine.