Mabega ya Mtu wa Chini

Binti yangu kaniuliza jana kwa nini kila suruali ya mazoezi ninayomshonea naitia kipande cha pembe nne katikati ya miguu. Nikamwambia ni ili isichanike akipiga msamba. Yeye akaridhika, akaenda zake. Mimi nikabaki nawaza Bagamoyo na kile kikundi cha sarakasi nilichokishonea mavazi.

Walicheza mtindo wa Kichina, ule ulioletwa na vijana wetu waliopelekwa China miaka ya 1960: sahani, baiskeli, mabakuli, na mwisho kabisa mnara wa watu. Mavazi ya wengi hayakunisumbua. Kitambaa kinachovutika, mshono wa zigizaga ili uzi usikatike mwili ukinyooka, na zipu marufuku mgongoni kwa mtu anayebingirika. Mgumu alikuwa kaka wa chini, mbeba wenzake. Alitaka satini ya dhahabu mwili mzima.

Nikamwambia satini inateleza. "Dada fundi, hebu panda mwenyewe," akasema, akachuchumaa.

Nikavua viatu. Nikakanyaga paja, nikashika mikono yake, nikasimama juu ya ile satini niliyokuwa nimeipigia bandi, mshono wa muda tu, mabegani mwa fulana yake. Akainuka taratibu. Bega la mtu halitulii kama sakafu: linapumua, msuli unajikunja, na kitambaa kinafuata njia yake chenyewe. Kisigino changu cha kushoto kikasogea, upana wa kidole hivi. Papo hapo akanikamata vifundo vya miguu kwa nguvu. Nikamwona msichana wa kileleni, ameegemea ukuta anakula embe akingoja zamu yake. Yeye angesimama juu zaidi yangu, na watu wawili kati yake na haya mabega.

Aliponishusha hakubisha tena. Aliuliza tu, "Sasa mimi nitaonekana wapi? Watu wote hutazama juu."

Mabega na mapaja nikamkatia pamba isiyong'aa. Dhahabu nikaiweka kifuani, mahali pekee pasipokanyagwa wala kushikwa. Siku ya onyesho mnara ulisimama imara na uwanja ukalipuka kwa vifijo. Kifua chake nilikiona kinameta, lakini mimi nilikaa mbele, tena nilijua pa kutazama. Kwa ajili ya yule msichana ningekata vilevile hata leo. Ila aliyekaa safu ya nyuma kabisa, sijui kama dhahabu ile ilimfikia.